Bati haliungui, lakini nyumba ya bati huungua

Swali:

Mzee wangu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa wilaya ya Kiryandongo, Uganda, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Bweyale. Mwaka jana tulihama nyumba ya nyasi tukaingia nyumba ya matofali yenye mabati. Januari moto wa porini ulifika hatua thelathini hivi kutoka mlangoni, ukazimika wenyewe kwenye njia ya ng'ombe. Shemeji yangu anasema nisihangaike tena, nyumba ya bati haiwezi kuungua. Mume wangu anataka tuweke dari la mikeka ya mafunjo kwa sababu mchana ndani kunachemka. Jirani naye ananitisha kwamba bati linavuta radi. Nani anasema kweli, na nifanye nini kabla kiangazi hakijarudi? Pesa hatuna nyingi.

Jibu:

Mama, nashukuru umeuliza sasa, nyasi zikiwa bado mbichi. Nimeezeka na kukarabati mapaa Masindi, Kiryandongo na Nakasongola kwa miaka mingi, na mara kadhaa nimeitwa asubuhi baada ya moto kupita, niseme kama paa litafaa tena. Nyumba za mabati nilizozikuta zimeteketea zilifanana kwa jambo moja. Bati lilikuwepo bado, limejikunja, limelala juu ya majivu ya vitu vilivyokuwa chini yake. Moto haukutoboa bati. Uliingia chini ya bati, au ulianza kwenye kitu kilichoegemezwa ukutani.

Nianze na shemeji. Anaposema bati haliungui, hakosei. Bati ni chuma chembamba kilichopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 420, na chuma chenyewe karibu 1,500, joto ambalo moto wa nyasi haulifikii. Linganisha na paa lenu la zamani. Cheche moja ikitua juu ya nyasi za kuezekea mwezi wa Januari, kabla hujafika na ndoo paa limekwisha. Ikitua juu ya bati inakufa hapo hapo. Hiyo ni faida kubwa, na kama mlijinyima miaka miwili mitatu kuyanunua hayo mabati, pesa yenu haikupotea.

Lakini bati lina tabia mbili ambazo shemeji hakuzitaja.

Ya kwanza, linapitisha joto upesi. Madukani kuna geji 28, geji 30, hata 32, na namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba. La geji 30 lina karibu milimita 0.3 tu. Unene huo hauzuii joto. Mbao kavu zinaweza kushika moto zikifika nyuzi karibu 300, na papi zenu, yaani mbao zinazobeba bati, zimegusana nalo, zimepigiliwa nalo misumari. Moto wa nyasi unaopita kando hauna muda wa kulipasha kiasi hicho, kwa kuwa ndimi zake hukaa mahali pamoja sekunde tano, kumi, labda kumi na tano, kisha zinasonga mbele. Kitu kinachowaka dakika ishirini chini ya upenu, lundo la kuni kwa mfano, kinao muda wa kutosha.

Tabia ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi. Bati lina mawimbi, na ukuta umenyooka. Simama nje chini ya upenu wako, tazama juu pale bati linapokutana na ukuta au ubao wa mbele. Chini ya kila wimbi pana tundu. Ukiweza kupitisha kidole, basi shomoro anapita, popo anapita, panya anapita, na wote hao huleta nyasi kavu, manyoya na takataka wakajenga humo ndani. Sasa fikiria alasiri ya Januari, upepo ukivuma, nyasi ndefu zikiwaka upande wa pili wa barabara. Moto haujafika, lakini cheche zimekwisha kutangulia: vipande vya majani na magome vinavyong'aa, vikibebwa juu. Vinagonga ukuta, vinapanda nao, vinaingia kwenye yale matundu, vinatua juu ya kiota cha shomoro. Hakuna anayeona. Watu wote wako kwenye mpaka wa shamba na matawi mabichi wanapiga moto, wakirudi wanakuta moshi unatoka chini ya kofia ya paa, lile bati lililokunjwa kileleni.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa vilio. Tarehe 8 Novemba 2018 moto uliteketeza mji wa Paradise, jimbo la California. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yaliharibiwa. Baadaye zilionekana picha za miti iliyosimama na majani yake, na kando yake nyumba iliyobaki jivu tupu. Ukuta mkubwa wa moto haukuzifikia nyumba nyingi kati ya hizo. Zilifikiwa na cheche, au na moto wa nyumba ya jirani. Mtafiti mmoja wa huko, Jack Cohen wa idara ya misitu ya Marekani, alikuwa amekwisha kulieleza hilo miaka mingi kabla. Katika majaribio yaliyofanyika kaskazini mwa Kanada, kuta za mbao zilisimamishwa mbele ya msitu uliowashwa makusudi. Zile zilizokuwa mita 10 kutoka kwenye miti mara nyingine zilishika moto. Za mita 20 na mita 30 hazikushika. Huo ulikuwa msitu mzima wa misonobari unawaka, na zile zilikuwa mbao. Wewe una ukuta wa matofali na nyasi mbele yako. Kwa hiyo usiuogope sana ule moto mkubwa unaouona kwa mbali ukinguruma. Uogope ule mdogo unaoingia kimya, na vitu ulivyouwekea tayari karibu na nyumba.

Kazi ya kwanza basi iko juu ya kuta. Mafundi wengi wanaojenga kwa bei ya chini huishia ukuta kwenye boriti na kuacha nafasi wazi kati yake na bati. Kama yenu iko hivyo, izibeni kwa vipande vya matofali na udongo au saruji, mkifuata mteremko wa paa hadi mguse bati. Yale matundu ya mawimbi mnayaziba kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, ukisukumwa kwa mkono ndani ya kila wimbi. Kazi hii ni ya siku mbili kwa watu wawili, na matofali yaliyobaki kwenye ujenzi yanatosha. Panya na nyoka nao watakosa njia. Kabla ya kuziba, mtume kijana mwepesi apande na ufagio, atoe viota, majani na kila kilicholala juu ya kuta. Nimewahi kuona mtu akiziba kwa uangalifu mkubwa huku ameacha gunia zima la viota ndani.

Msizibe kila kitu, maana nyumba ya bati isiyopumua itakuwa tanuri. Acheni matundu ya hewa kwenye kuta za pembe tatu, pande zote mbili, na kila tundu lifunikwe kwa wavu wa chuma. Australia sheria za ujenzi katika maeneo ya moto wa porini zinataka tundu la wavu lisizidi milimita 2. California wanakubali hadi karibu milimita 3. Wavu wa chuma wa kuzuia mbu unafaa kabisa. Ule wa plastiki usinunue kwa kazi hii, kwa kuwa huyeyuka ukabaki uwazi. Uufagie vumbi kila baada ya miezi michache, ukizibika hewa haipiti.

Ukiwa bado juu, itazame kofia ya paa. Pale nako mawimbi huacha matundu chini ya bati lililokunjwa, na mafundi hulisahau kwa sababu mtu akiwa chini halioni. Saruji ile ile inaziba. Tazama na misumari. Msumari wa bati hupigiliwa juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni, na uwe na mpira wake. Uliolegea, upepo wa kiangazi utalinyanyua bati na cheche zitapata njia. Ukija msimu wa mvua, maji nayo yatapita hapo hapo.

Kuna mambo matatu mengine ya paa ambayo nakuomba uyachunguze, kwa kuwa ni ya kwetu na sijayaona yakiandikwa. La kwanza ni oili chafu ya injini. Wengi wetu hupaka nguzo na papi oili ya magari ili mchwa wasile. Mchwa kweli wanakimbia, ila mbao iliyonyonya oili hushika moto kwa urahisi kuliko iliyo kavu. Kama zenu zimepakwa, kuziba upenu ni lazima mwaka huu, hakuna kusubiri. La pili ni lile bati la plastiki linalopitisha mwanga, ambalo watu hupenda kuliweka juu ya jiko au ukumbi. Hilo si bati. Linayeyuka, linadondosha matone yanayowaka, na linaacha dirisha wazi katikati ya paa. Liondoe, uweke bati la kweli. Mwanga utafute kwenye dirisha. La tatu halikuhusu kwa kuwa nyumba yenu ni mpya, ila majirani wanalifanya: kupigilia mabati juu ya paa la nyasi bila kuondoa nyasi. Kwa nje unaona bati, ndani kuna kuni kavu zinazosubiri, na mchana watu hufurahia ubaridi wake. Sijui nyumba ya hatari kuliko hiyo. Waambie.

Sasa mume wako na mikeka. Hana kosa la kutaka ubaridi, mchana wa Februari chini ya bati ni mateso na watoto hawalali. Lakini mafunjo makavu ni mepesi, yana uwazi mwingi ndani, yanawaka kama karatasi. Ukiyatandaza chini ya bati upenu ukiwa wazi, umeweka kitanda cha cheche kutoka ukuta hadi ukuta. Na si moto wa porini peke yake. Nyumba ambazo bado zinatumia tadooba (kibatari) au mshumaa zina hatari hiyo kila usiku.

Kama mkiweza kungoja, wekeni dari la wavu wa kuku uliovutwa chini ya mbao na kupigwa plasta nyepesi ya saruji. Linachukua muda, linahitaji fundi anayejua kulifunga lisianguke, lakini haliungui na linapunguza joto. Mnaweza kuanza na chumba wanacholala watoto tu. Kuna njia nyingine ya bei nafuu: rangi nyeupe ya kupaka mabati. Bati lililopauka na kushika kutu hunyonya jua, jeupe hulirudisha, na tofauti utaisikia siku ya kwanza. Ukiwa unakinga maji ya mvua ya kunywa, mwulize muuzaji rangi isiyo na madini ya risasi. Na kama mzee nyumbani ameshikilia mikeka yake, basi mweleze hivi: upenu uzibwe kwanza, wote, ndipo mkeka upande. Kwa mpangilio huo hatari inapungua sana, ingawa mimi nyumbani kwangu nisingeiweka.

Tushuke chini. Utaniwia radhi, lakini nitaugawa ua wako kwa hatua, maana ndivyo ninavyoupima ninapotembelea mtu.

Hatua mbili za kwanza kutoka ukutani, kuizunguka nyumba yote: pasiwe na kitu chochote kinachoweza kuwaka. Hapa nakuwa mkali. Kuni zilizopangwa ukutani zisilowe, magunia ya makaa, mabua ya mahindi ya kuwashia jiko, godoro bovu, nyasi mlizovua kwenye paa la zamani, jerikeni la petroli la bodaboda. Katika nyumba zilizoungua, mara nyingi alama ya moto ukutani inakuonyesha kabisa: nyeusi pana chini pale kuni zilipokuwa, inapanda nyembamba hadi kwenye upenu, kisha paa lote limekwenda. Cheche iliyotua kwenye lundo hilo ilikuwa ndogo kuliko punje ya mahindi. Kuni zihamishie umbali wa hatua kumi au zaidi, juu ya udongo mtupu, na petroli isikae nyumbani kabisa. Tangi la maji la plastiki linaweza kubaki karibu na nyumba, lakini pafagie pale lilipokaa, kwa kuwa nyasi zikiwaka chini yake litatoboka na utapoteza maji siku unayoyahitaji.

Hadi hatua kumi na mbili hivi, ua ufagiwe au nyasi zikatwe fupi kama zulia. Bibi zetu walifagia ua hadi udongo kila alfajiri, na walikuwa na sababu zao. Sikushauri uache eneo lote tupu, maana maji yanayomwagika kutoka kwenye bati yatachimba mfereji na kubeba udongo wako. Nyasi fupi zilizo hai hazina tatizo. Mwembe ulio uani uache, ni mti mzuri, majani yake mabichi hayawaki kwa urahisi. Punguza tu matawi yanayogusa bati na yale ya chini kufikia kimo cha mtu, na majani yaliyoanguka yafagiwe. Migomba vilevile: shina limejaa maji, lakini yale majani makavu yanayoning'inia kama sketi ni utambi. Yakate. Mikaratusi siitaki karibu na nyumba. Majani yake yana mafuta na magome yake hubanduka yakaruka mbali yakiwaka.

Kupita hapo, hadi hatua thelathini au arobaini, ni mahali pa mbuzi na panga. Huhitaji kufagia, unahitaji nyasi zisisimame. Panda viazi vitamu au mihogo upande ambao moto hutokea, ambao kwetu mara nyingi ni kaskazini-mashariki, kwa sababu upepo wa kiangazi, ule watu wa pwani wanaouita kaskazi, hutoka huko kuanzia Desemba hadi Machi.

Na hapa nirudi kwenye kitu ulichokiandika kwa haraka. Umesema moto wa Januari ulizimika wenyewe kwenye njia ya ng'ombe. Haukuzimika wenyewe. Kwato zilikuwa zimeusaga ule ukanda hadi udongo, moto ukafika ukakosa cha kula. Ng'ombe za watu ndizo zilizokulinda bila wewe kujua. Kiangazi kijacho wachungaji wanaweza kupita njia nyingine, na nyasi zitarudi. Kwa hiyo huo ukanda uuchukue uwe wako. Mwezi wa Novemba, kabla nyasi hazijakauka, lima hadi udongo uonekane, upana wa hatua sita kama barabara ndogo ya murramu, na upande wa porini fyeka hatua nyingine kumi ili moto ukifika uwe umefupika. Nyasi ulizofyeka usiziache zimelala juu ya ukanda. Nimeona watu wakifanya kazi ya wiki nzima kisha wakaweka daraja la majani makavu juu yake.

Jiko nalo linanitia wasiwasi mkubwa, ingawa hukulitaja. Familia nyingi zinazohamia nyumba ya bati huliacha jiko likiwa lile lile la nyasi, hatua nne au tano kutoka nyumba kubwa. Kama lenu liko hivyo, basi mmehama nusu. Jiko la nyasi likishika moto, kwa cheche ya porini au kwa moto wa ugali tu, linawaka muda mrefu wa kutosha kupasha bati na papi zake, na linarusha cheche zake lenyewe. Nafuu kubwa kwa pesa ndogo ni kununua mabati machache, hata yaliyotumika, mkaezeka jiko. Haiwezekani mwaka huu? Basi jiko jipya la nyasi lijengwe angalau hatua kumi na tano kutoka nyumbani, upande wa kusini-magharibi, ili kaskazi ichukue cheche kwenda mbali na nyumba. Ghala la nafaka lenye kofia ya nyasi lifuate utaratibu huo huo.

Moto unaanzia wapi? Kwetu radi ya kiangazi ni nadra. Moto huwashwa na mkono wa mtu. Anayewinda ndezi, anayetaka majani mapya kwa ng'ombe, mchoma makaa aliyeacha tanuri, mwenye shamba la miwa anayechoma kabla ya kuvuna. Uganda ina sheria ya kukataza uchomaji wa nyasi tangu 1974, yenye nafasi ya uchomaji ulioruhusiwa na kusimamiwa. Itumieni. Nendeni wanakijiji kadhaa kwa mwenyekiti wa LC 1, baraza la kijiji, mapema, Oktoba au Novemba, mkubaliane kwamba anayetaka kuchoma atangaze siku, achome jioni upepo umetulia, na watu wawepo. Mwenye miwa jirani mwombeni aache ukanda mtupu upande wa nyumba na awape taarifa kabla ya kuwasha. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima wakati ambao hakuna ugomvi. Ninyi wenyewe msijaribu kuchoma ukanda wa kujikinga bila kibali na bila watu. Mioto mingi niliyoijua ilianza kwa mtu aliyekuwa anajikinga.

Jirani wa radi nimjibu kwa ufupi, ila kwa uzito, maana katika wilaya yenu hili si jambo la kuchekwa. Tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, hapo hapo Kiryandongo. Bati halivuti radi. Radi hutafuta kilicho kirefu na kilichosimama peke yake. Tatizo ni kwamba paa la chuma lisilounganishwa na ardhi, likipigwa, umeme hutafuta njia yake ya kushukia, na njia hiyo inaweza kuwa ukuta, waya, au mtu aliyeegemea ukuta. Dawa yake ni nyaya nene kutoka kwenye paa hadi vyuma vilivyozamishwa ardhini, kazi ya fundi aliyeisomea. Mpaka hapo, mvua ya radi ikija watoto wasiegemee kuta, wasishike bomba wala fremu ya chuma ya mlango, wasijikinge chini ya mwembe.

Siku moto ukija, maji utayatoa wapi? Paa lenyewe limekupa jibu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 20 linaleta lita 1,200; toa zinazomwagika, zinabaki kama elfu moja. Wekeni mfereji, na mvua za mwisho za Novemba msizitumie ovyo: jazeni pipa moja au mawili ya moto tu, yenye vifuniko, ambayo hakuna anayefulia. Pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, ile ya lita 16, ikioshwa vizuri ni silaha bora kuliko ndoo. Mfereji wenyewe usafishe majani kila mwezi wa kiangazi; ukijaa majani makavu umezungushia paa lako utambi.

Ukiona moshi na upepo unaelekea kwenu, watoto na wazee waondoke kwanza, mapema, wakae mahali palipo patupu: barabarani, shamba lililolimwa, au palipokwisha kuungua. Wafungulie mbuzi. Funga madirisha na milango yote, vuta mapazia ndani, ondoa vilivyobaki barazani. Vaa nguo za pamba, si nailoni, na viatu. Piga simu 999 au 112. Zimamoto wa Uganda wako chini ya polisi, na hata kama gari lao liko mbali, taarifa yako inaweza kuwaokoa walio mbele ya upepo. Nyunyizia maji upenu na pale chini ya milango. Mtu asipande juu ya bati hata kidogo. Linateleza, linachoma, na moshi ukimzunguka haoni pa kukanyaga.

Moto ukishapita, ndipo nyumba nyingi hupotea, kwa sababu watu huenda kulala. Akae mtu macho kwa muda wa saa sita au zaidi. Azunguke nyumba kila nusu saa, aangalie upenu, anuse moshi ndani, aguse dari kwa mgongo wa mkono. Gogo linalofuka hatua ishirini kutoka nyumbani limwagiwe maji na kufukuliwa, si kuachwa lijizime.

Asubuhi tazama bati. Lililopata moshi tu, likabaki bapa na kung'aa ukilifuta, linafaa. Lililojikunja, au lililobadilika rangi na zinki yake kuonekana imechuruzika, limepoteza ngozi yake. Litashika kutu upesi hata likionekana zima, libadilishe kabla ya mvua, na papi za chini yake zikwanguliwe kwa kisu kuona kama zimeungua ndani. Mvua ya kwanza isiingie tangini, kwa kuwa itaosha majivu yote ya paa. Toa bomba la mfereji pembeni, imwagike, ya pili ndiyo mkinge.

Kwa mwaka huu, kama pesa ni ya jambo moja, iwe upenu. Mengine mengi niliyoyataja yanataka jembe, panga na ufagio tu. Ukipata nafasi nipimie upana wa ile njia ya ng'ombe, uniandikie na jiko liko hatua ngapi kutoka nyumbani na upande gani. Nikijua hayo mawili nitaweza kukuambia muanze kulima wapi.